Mtaro wa Soko Huombwa kwa Nani, na Huombwa Lini?

Mfanyabiashara wa mboga anayelipa ushuru wa soko asubuhi, kisha mchana akaruka maji machafu ili afike kwenye kibanda chake, ana haki ya kuuliza pesa zake zimeenda wapi. Swali hilo huulizwa Moi's Bridge, huulizwa Burnt Forest, Turbo, Ziwa na Kesses, na mara nyingi huulizwa mtu asiyehusika: chifu, polisi wa trafiki, au kijana aliyetumwa kukusanya ushuru. Lina jibu. Sehemu ya jibu hilo ni kujua ni ofisi gani yenye jukumu. Sehemu kubwa zaidi, ambayo haizungumzwi sana katika mabaraza, ni kujua tarehe. Ombi zuri, likipelekwa kwa ofisi sahihi katika mwezi usiofaa, linaweza kusubiri mwaka mzima kabla ya kupata nafasi nyingine.

Makala haya yanautumia mji wa Moi's Bridge kama mfano, kwa sababu karibu kila jambo linalotatiza miji midogo ya Kaunti ya Uasin Gishu linapatikana pale. Barabara kuu ya kwenda Kitale inapita mjini. Kuna soko, maghala ya Bodi ya Nafaka na Mazao, wahudumu wa bodaboda, na mpaka wa Kaunti za Trans Nzoia na Kakamega uko karibu mno. Mkaazi wa mji huo anaweza kukutana na ofisi za serikali mbili, ya taifa na ya kaunti, kabla hajamaliza kununua sukuma wiki.

Mji usio na baraza lake

Wazee bado huuita Hoey's Bridge, kwa jina la mlowezi Arthur Hoey aliyejenga daraja juu ya Mto Nzoia. Wazee hao hao bado husema "kanjo" wanapozungumzia serikali ya mtaa, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia, kwa kuwa kanjo haipo tena.

Hadi uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, Kenya ilikuwa na serikali za mitaa 175, zilizoongozwa na sheria ya zamani ya serikali za mitaa. Eneo la Uasin Gishu lilikuwa na tatu: Baraza la Manispaa ya Eldoret, Baraza la Mji wa Burnt Forest, na Baraza la Kaunti la Wareng lililosimamia sehemu zilizosalia. Burnt Forest, ingawa mji mdogo, ulikuwa na madiwani wake, karani wake na mfuko wake. Moi's Bridge ulikuwa chini ya Wareng. Katiba ya 2010 ilipoanza kutekelezwa kikamilifu, mabaraza yote matatu yalikoma na kazi zao, mali zao na madeni yao yakawa mzigo wa serikali moja ya kaunti, yenye wadi 30 katika kaunti ndogo sita: Soy, Turbo, Moiben, Ainabkoi, Kapseret na Kesses.

Mabadiliko hayo yaliwapa wakaazi mambo ambayo baraza la mji lisingeweza kuyagharamia, kama zahanati na shule za chekechea zinazosimamiwa kutoka karibu. Lakini mji mdogo ulipoteza kitu pia, na hakuna haja ya kulificha hilo. Ulipoteza mfuko wake mwenyewe. Mtaro wa Burnt Forest sasa unashindana na daraja la miguu la Kapseret na zahanati ya Moiben katika bajeti moja. Anayeelewa ushindani huo unavyoendeshwa ana nafasi bora kuliko anayesubiri kukumbukwa.

Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011, iliyofanyiwa marekebisho mwaka wa 2019, imeweka ngazi za miji kwa kuzingatia idadi ya watu pamoja na vigezo vingine. Kituo cha soko kinahitaji watu wasiopungua 2,000, mji 10,000, manispaa 50,000 na jiji 250,000. Eldoret ulifika ngazi ya juu tarehe 15 Agosti 2024, Rais alipoukabidhi hati ya jiji, ukawa jiji la tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Manispaa na jiji huwa na bodi na meneja. Mji huwa na kamati. Kupanda ngazi si mapambo ya ubao wa barabarani. Kunaleta chombo cha kusimamia taka, maji ya mvua na mipango ya majengo, na kunawapa wakaazi haki ya kuitwa kwenye vikao vya kujadili huduma za mji wao. Pia hakuondoi ushindani wa bajeti uliotajwa hapo juu. Bodi au kamati haina kiwanda cha kuchapisha pesa.

Kila mlango na kazi yake

Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi za serikali mbili. Upande wa kaunti kuna masoko, leseni za biashara, vituo vya afya na zahanati, barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho, maji na usafi, utupaji wa taka, maji ya mvua katika maeneo yenye majengo, elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, huduma za ugani, makaburi, leseni za pombe na kuzuia kelele. Hata leseni ya mbwa imetajwa katika Katiba, jambo ambalo wenye mbwa wengi hawalijui. Upande wa taifa kuna usalama, shule za msingi na za upili, vitambulisho, na barabara kuu.

Kwa karatasi mgawanyo huo ni rahisi. Mjini si rahisi hivyo. Tuseme mtaro umeziba mita chache kutoka soko na maji yanafurika hadi kwenye vibanda. Ikiwa mtaro uko ndani ya soko au kando ya barabara ya mtaa, ni kazi ya kaunti. Ikiwa uko kando ya barabara kuu ya Eldoret kwenda Kitale, uko kwenye hifadhi ya barabara iliyo chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za taifa, na kaunti haiwezi kuuchimbua bila idhini. Maji yenyewe hayasomi Katiba. Hutoka mtaro mmoja na kuingia mwingine, na ndipo mwananchi huambiwa na kila ofisi aende kwa nyingine. Njia ya kuvunja mzunguko huo ni kuandika barua moja na kuipeleka kwa msimamizi wa wadi, ukiomba wazi kwamba sehemu ya barabara kuu iwasilishwe kwa KeNHA kwa maandishi na upewe nakala. Barua ya kaunti kwa mamlaka ya taifa ina uzito ambao malalamiko ya mdomo hayana.

Hifadhi hiyo hiyo ya barabara inawahusu pia wenye vibanda. Aliyejenga kando ya barabara kuu, hata kama analipa ada ya biashara kwa kaunti, hajapata haki ya kukaa pale daima. Risiti ya ada ya biashara inathibitisha kwamba umelipia kufanya biashara; haithibitishi kwamba ardhi ni yako. Watu wamepoteza mali kwa kutojua tofauti hiyo wakati barabara zinapopanuliwa, na ni vyema kuuliza kabla ya kupigilia mabati.

Sasa kuhusu watu wa kuendewa. Msimamizi wa wadi ndiye ofisa wa serikali ya kaunti aliye karibu zaidi. Anaratibu huduma zote za kaunti katika wadi na huripoti kwa msimamizi wa kaunti ndogo. Moi's Bridge iko katika Kaunti Ndogo ya Soy na ni wadi yenye jina hilo hilo la mji, kwa hiyo mlango wa kwanza haupotei. Mwakilishi Wadi, ambaye wengi humwita MCA, yuko upande wa bunge: anatunga sheria za kaunti, anapitisha bajeti na kuuliza maswali serikali inapokosea. Hana fundi wala tingatinga. Anaweza kupigania mtaro uwe kwenye bajeti, lakini hawezi kuamuru uchimbwe kesho. Chifu na naibu wake ni maofisa wa serikali ya taifa chini ya wizara ya usalama wa ndani. Baraza la chifu ni mahali pazuri pa kutangaza jambo, ila ombi la taa ya sokoni likiishia kwenye daftari la chifu halijafika kaunti.

Taa zenyewe zina hadithi yao. Nguzo na balbu za taa za barabarani katika mitaa ni za kaunti, lakini umeme ni wa Kenya Power, na bili hulipwa kila mwezi kutoka bajeti ya kawaida. Taa isiyowaka huenda imeungua balbu, huenda waya umekatwa, huenda bili ndiyo tatizo. Anayeripoti asaidie kwa kutaja nguzo ni ipi na tangu lini haiwaki. "Mji una giza" ni kweli, lakini fundi hawezi kuanzia hapo.

Ushuru wa soko huenda wapi

Hili ndilo linalouma. Wafanyabiashara huona pesa zikikusanywa siku baada ya siku, na kwa hesabu yao wenyewe choo cha soko kingekuwa kimejengwa zamani.

Kifungu cha 207 cha Katiba kinataka mapato yote ya kaunti yaingie katika Hazina moja ya Mapato ya Kaunti. Ushuru unaolipwa Moi's Bridge, ada ya maegesho ya Eldoret, kodi ya ardhi, leseni za biashara na mgao kutoka serikali ya taifa vyote huingia hapo. Hakuna ofisa anayeruhusiwa kutumia pesa za soko papo hapo, hata kwa jambo jema kama kununua ufagio. Pesa hutoka tu kwa sheria ya matumizi iliyopitishwa na Bunge la Kaunti, na Msimamizi wa Bajeti, ambaye ni ofisi huru ya kikatiba iliyoko Nairobi, lazima aidhinishe zitoke. Kuna upungufu mmoja wa maana katika kanuni hiyo: tangu sheria ya 2023 kuhusu fedha za vituo vya afya, hospitali na vituo vya umma vinaweza kubaki na pesa vinazokusanya na kuzitumia kuboresha huduma zake. Masoko hayana ruhusa kama hiyo.

Kuna sababu ya utaratibu huu. Kabla ya ugatuzi, pesa zilizokusanywa na kutumiwa mahali pamoja ziliacha nafasi kubwa ya kupotea kabla ya kuandikwa popote. Mfuko mmoja pia unausaidia mji ambao mwaka huu mahindi yameharibika na soko limelala, kwa sababu zahanati yake haifungwi. Hata hivyo, malalamiko ya wafanyabiashara yana msingi, na sheria haiwazuii kuyatoa. Kinyume chake, wana hoja yenye nguvu wakiuliza kwa namba: soko letu lilikusanya kiasi gani mwaka uliopita, na ni kiasi gani kilirudi kwetu kwa matengenezo? Swali hilo likiulizwa katika kikao cha bajeti na kuandikwa kwenye kumbukumbu, linahitaji jibu la namba.

Viwango vya ushuru navyo havitoki kichwani mwa mkusanyaji. Kifungu cha 210 kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni inayoweza kutozwa bila sheria. Kila mwaka kaunti hupeleka Mswada wa Fedha bungeni ukionyesha kila ada: kibanda, meza, gunia, mbuzi, lori. Wananchi huitwa kutoa maoni. Bila shaka vikao hivyo havisisimui kama mkutano wa siasa, lakini hapo ndipo ada ya gunia inapopandishwa au kuachwa ilivyo. Mfanyabiashara akitozwa kiasi kisichomo katika sheria hiyo, hana deni nacho. Na akilipa, adai risiti rasmi. Shilingi iliyolipwa bila risiti haikuingia katika hazina, na haitaonekana katika hesabu za soko lake atakapokuja kuuliza.

Kwa mji ulio mpakani kuna jambo moja la kuongeza. Kifungu cha 209 kinakataza kaunti kutumia uwezo wake wa kutoza kodi kwa namna inayodhuru biashara kati ya kaunti au inayozuia bidhaa kusafirishwa. Mkulima anayevuka mpaka na mahindi yake akatozwa sesi mara mbili kwa gunia lile lile ana hoja ya kikatiba, na risiti ya kwanza ndiyo ushahidi wake.

Kalenda inayoamua kila kitu

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni. Watu wengi husikia habari za bajeti mwezi wa Mei au Juni, redioni zinapotajwa bilioni, na ndipo hujitokeza na maombi yao. Wakati huo karibu kila kitu kimeshaamuliwa.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka tarehe. Chukua mfano wa wafanyabiashara waliotaka mtaro na choo cha soko katika mwaka wa fedha wa 2026/2027. Ombi lao lilipaswa kuwa limeingia katika Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, ambao serikali ya kaunti hutakiwa kuupeleka bungeni ifikapo tarehe 1 Septemba 2025. Yaani maoni yalihitajika Julai na Agosti 2025, karibu mwaka mzima kabla ya pesa zenyewe kuanza kutumika. Mwisho wa Septemba hutoka ripoti inayotazama mapato yalikuwaje. Kufikia tarehe 28 Februari 2026 huja karatasi ya mkakati wa fedha, ambayo inagawa mafungu kwa kila idara: afya kiasi hiki, barabara kiasi hiki, biashara kiasi hiki. Tarehe 30 Aprili makadirio ya bajeti hufika bungeni, na kufikia tarehe 30 Juni huwa yamepitishwa.

Kwa nini Aprili ni kuchelewa, ilhali wananchi bado huitwa kutoa maoni Mei? Jibu liko katika kanuni mbili ambazo hazitangazwi redioni. Ya kwanza ni kifungu cha 131 cha sheria hiyo: bunge likiongeza pesa mahali pamoja lazima lipunguze mahali pengine. Anayetaka mtaro mpya mwezi wa Mei anaomba mradi wa mtu mwingine ukatwe. Ya pili ni kanuni za 2015 za sheria hiyo, zinazosema mabadiliko ya bunge katika fungu la idara yasizidi asilimia moja ya kiwango chake. Asilimia moja haichimbi mitaro mingi. Maoni ya Mei yana kazi yake, hasa kulinda mradi usiondolewe, lakini kuingiza mradi mpya ni kazi ya Agosti.

Juu ya mipango ya kila mwaka kuna Mpango Unganishi wa Maendeleo wa Kaunti wa miaka mitano. Wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Mradi usiotajwa humo, hata kwa jina la jumla kama "ukarabati wa masoko," hupata shida kuingia katika mpango wa mwaka. Utakaofuata utaanza 2028, na vikao vya kuuandaa ndivyo vyenye thamani kubwa kuliko vyote kwa mji mdogo, kwa sababu huko ndiko unakoweza kuandika mahitaji ya miaka mitano kwa wakati mmoja.

Hata baada ya Julai, mkaazi asitarajie tingatinga tarehe mbili. Zabuni lazima itangazwe na kufunguliwa kwa taratibu za ununuzi wa umma, ambazo pia zinatenga asilimia 30 ya fursa kwa makundi ya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kikundi kilichosajiliwa cha Moi's Bridge kinaweza kabisa kuwania kazi ya mtaro wa Moi's Bridge. Kisha mgao wa taifa unaweza kuchelewa kutoka Hazina Kuu, na ukichelewa mishahara na dawa hutangulia. Mtaro uliopangwa Julai huenda ukaanza kuchimbwa Februari. Mvua za masika zikitangulia, mwanakandarasi huondoka na kurudi. Mradi ambao pesa zake hazikutumika kufikia Juni huhitaji kuingizwa tena katika bajeti inayofuata, na hilo linapaswa kufuatiliwa maana haliendi lenyewe.

Kalivati likisombwa na mafuriko ni jambo tofauti. Kuna hazina ya dharura ya kaunti kwa mambo yasiyotabirika na yanayohatarisha maisha au mali, na taarifa yake huanzia kwa msimamizi wa wadi siku hiyo hiyo. Mtaro ulioziba kwa miaka mitatu hauhesabiwi kuwa dharura, hata ukinuka.

Kitu cha kubeba mkutanoni

Vikao vya maoni hufanyika katika wadi au kaunti ndogo. Matangazo yake huwekwa magazetini, katika tovuti ya kaunti na kwenye ofisi za wadi. Ukweli ni kwamba mama wa sokoni haamki akisoma tovuti. Njia ya uhakika ni kamati ya soko kumwachia msimamizi wa wadi nambari za simu za wawakilishi wake wawili au watatu mapema, kwa maandishi, ikiomba kuarifiwa kila kikao kinapopangwa.

Ombi linalofaulu huwa fupi na mahsusi. Kuna tofauti kubwa kati ya "tunaomba maendeleo" na "tunaomba mtaro wa mita 120 kutoka lango la soko hadi kwenye kalivati la barabara ya kwenda zahanati, na kifuniko sehemu ya mbele ya wauza nafaka." La pili mhandisi anaweza kulipigia hesabu ya gharama, na kilicho na gharama ndicho kinachoingia bajetini. Picha zilizopigwa wakati wa mvua zinasaidia. Orodha ya majina na sahihi za wafanyabiashara inasaidia zaidi, kwa kuwa inaonyesha jambo ni la soko zima na si la kibanda kimoja.

Lakini kabla ya yote hayo, ardhi. Miradi mingi ya miji midogo haikwami kwa pesa. Hukwama kwa kukosa mahali pa kusimama. Kaunti haiwezi kujenga choo cha umma kwenye shamba la mtu, hata kama mwenyewe ameruhusu kwa mdomo na watu wamepiga makofi. Mwenye shamba akifa, watoto wake wana haki ya kudai. Ni lazima ardhi iwe ya umma, au itolewe kwa hati, ipimwe na iandikishwe. Masoko mengine yalianza kama uwanja tu ambapo watu walizoea kukutana, na kiwanja chake hakijawahi kupimwa kikamilifu. Kamati ya soko inayotaka choo mwaka ujao ifanye vizuri kuanza mwaka huu kwa kuuliza idara ya ardhi: ploti ya soko letu ina nambari gani, mipaka yake iko wapi, na je, kuna mtu mwingine anayeidai? Jibu likiwa bovu, afadhali kulijua mapema kuliko siku ambayo mwanakandarasi amekuja na mawe.

Mradi ukianza, kaunti hutarajiwa kuweka ubao unaoonyesha jina la mradi, mwanakandarasi, gharama na muda. Miradi mingi huwa na kamati ya wakaazi ya kuufuatilia. Kamati hiyo haina mamlaka ya kumlipa mwanakandarasi, lakini neno lake kwamba kazi imeachwa nusu, likiandikwa na kutiwa sahihi kabla ya malipo ya mwisho, huwafikia wahandisi wa kaunti. Baada ya malipo, kurudisha pesa ni kazi ndefu.

Kuuliza ni haki, na Kiswahili kinakubalika

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa ofisi ya umma: soko limekusanya kiasi gani, zabuni ya mtaro alipewa nani, mbona mradi umeondolewa bajetini. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika, au asiyeweza kwa sababu ya ulemavu, husaidiwa na ofisa aliyepokea ombi, ambaye hutakiwa kuliandika na kumpa nakala. Mwombaji halazimiki kueleza anataka taarifa hiyo kwa nini.

Ofisi ina siku 21 za kujibu. Likihusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Zikipita bila jibu, au jibu likiwa la kukataa bila sababu ya kisheria, mwombaji anaweza kupeleka suala hilo kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo watu huijua zaidi kama ofisi ya Ombudsman.

Kuna pia maombi rasmi kwa Bunge la Kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa mkaazi haki ya kuliandikia bunge kuhusu jambo lolote lililo chini ya kaunti, na sheria ya 2020 imeeleza utaratibu wake. Ombi hupelekwa kwa karani wa bunge mjini Eldoret, au hupitia kwa Mwakilishi Wadi, likieleza tatizo, hatua zilizokwisha kuchukuliwa na ofisi zilizojibu au zilizonyamaza. Kwa sababu hiyo kila barua iliyotajwa katika makala haya iandikwe kwa nakala mbili, na ile inayobaki kwa mwombaji igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Muhuri huo hutolewa bure katika ofisi ya msimamizi wa wadi.